Muziki wa gari unasumbua? Tafuta tatizo lilipo kabla hujanunua spika nyingine

Spika ndiyo inayosikika, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama. Sauti ikikwaruza, mwenye gari anakwenda dukani, ananunua spika zilizoandikwa wati 500, fundi anazifunga, na baada ya wiki chache mkwaruzo umerudi palepale. Katika magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania, Kenya na Uganda kutoka Japani, mara nyingi chanzo kiko nyuma ya spika: umeme usiofika, hasi iliyofungwa juu ya rangi, geini (kitufe cha kuzungusha kwenye amplifaya, kile kikuza sauti) iliyofikishwa mwisho, au mlango uliojaa matundu. Karibu yote hayo yanaonekana kwa mita ya kawaida ya fundi umeme, betri ndogo ya AA na simu yenye programu ya kutoa toni.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako ukitaka, lakini vipimo vya kwanza vifanye hata kama unaona havihusiani.

VIPIMO VYA KWANZA

Weka mita kwenye volti za DC. Gari likiwa limezimwa tangu jana yake, betri yenye afya husoma kati ya 12.5 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 usihangaike na redio, chaji betri kwanza kisha uipime upya. Washa injini: unatarajia 13.8 hadi 14.4. Ukipata 12.9 huku taa na feni vimewashwa, kagua oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, na mkanda wake kabla ya kuongeza amplifaya, kwa sababu kila wati utakaloongeza litatoka kwenye betri isiyojazwa.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachorukwa na mafundi wengi, na ndicho chenye faida kubwa. Refusha waya mmoja wa mita ufike kutoka betri hadi kwenye amplifaya. Fungulia muziki wenye besi nzito kwa sauti unayoisikilizia siku zote. Gusa ncha moja kwenye hasi ya amplifaya na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Mita isizidi volti 0.2. Ikionyesha 0.5 au zaidi, hasi yako ni mbovu, hata kama nati inaonekana imekazwa vizuri. Rudia upande wa chanya: kati ya nguzo ya chanya ya betri na chanya ya amplifaya, tofauti isipite 0.5 besi inapopiga. Waya huo wa kurefushia, upande wa chanya, uwekee fyuzi ya ampia 1, maana ukigusa bodi bila fyuzi utawaka mkononi. Kipimo hiki lazima kifanyike muziki ukiwa unapiga. Bila mkondo kupita, waya mbovu na waya mzima husoma sawa.

Kwenye Prius, Aqua na magari mengine ya haibridi ya Toyota hakuna oltaneta. Betri ya volti 12 ni ndogo, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na huchajiwa na kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa. Pima gari likiwa limeandika READY, la sivyo utakuwa unasoma betri pekee. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse wala usipitishe waya wako kando yake. Zimebeba zaidi ya volti 100.

REDIO HAISHIKI STESHENI ZA NYUMBANI

Hapa hakuna kilichoharibika. Japani ilipanga FM yake kati ya 76 na 90 MHz, baadaye ikasogeza mwisho hadi 95. Kwetu stesheni zinakaa kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana redio ya Kijapani hukamata zile chache za chini tu.

Ekspanda, kile kikopo kidogo kinachoingia kati ya plagi ya antena na redio, hufanya hesabu ya kutoa. Ekspanda ya 16 MHz huichukua stesheni ya 97.5 na kuileta kwenye 81.5. Sasa angalia mpaka wake: stesheni ya 106.7 itaangukia 90.7, na redio inayoishia 90 haitaifikia. Ukibadilisha ukaweka ekspanda ya 18, ile ya 106.7 itakuja kwenye 88.7, lakini ya 92.9 itashuka hadi 74.9 na kupotea. Masafa ya redio ya zamani ya Kijapani yana upana wa MHz 14, yetu yana 20.5, hakuna ekspanda moja itakayoyameza yote. Kabla ya kununua, andika stesheni zako tano unazozipenda, toa namba ya ekspanda, uone ngapi zinabaki ndani. Anayesikiliza redio kwa kweli, mpira na taarifa ya habari, abadilishe redio. Anayetumia flashi na Bluetooth tu, ekspanda inamtosha.

Ekspanda iliyofungwa na bado kimya: pima waya wake wa chanya. Lazima upate volti 12 swichi ya gari ikiwa kwenye ACC (hatua ya ufunguo inayowasha redio bila injini). Nyingi hufungwa kwenye waya usio na umeme au hasi yake huachwa inaning'inia.

Dalili nyingine ya aina hii ni redio mpya ya skrini kubwa kushika vibaya kuliko ile ya zamani iliyotolewa. Sababu ya kwanza ni kikuza-mawimbi cha antena. Magari mengi ya Kijapani yana antena iliyochorwa kwenye kioo, au ile fupi ya paani, na zote mbili hutegemea kikuza kidogo kinachotaka volti 12 kutoka kwenye redio. Fundi akiacha waya wa buluu wa redio mpya bila kuuunga na waya wa antena wa gari, kikuza hulala na mawimbi hufifia ukitoka mjini. Sababu ya pili ni mpangilio wa eneo ndani ya redio. Ikiwekwa Marekani, inaruka kwa hatua za 0.2 na kusimama kwenye namba witiri tu, 87.7, 87.9, 88.1, stesheni ya 88.4 haitashikika sawasawa. Weka Ulaya. Sababu ya tatu ni kelele kutoka ndani ya gari lenyewe: chomoa chaja ya simu, kamera ya barabarani na zima taa za LED, kimoja kimoja, ukisikiliza stesheni dhaifu. Chaja za bei ndogo ndizo huongoza kwa kuchafua FM.

REDIO IMEJIFUNGA BAADA YA BETRI KUTOLEWA

Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, zikitaka kadi ya SD ya ramani au namba ya siri. Kadi hiyo ni ya redio hiyo hiyo. Ukinunua kadi ya gari jingine haitakubali, na ukiifomati ili uweke nyimbo umeiua. Kama kadi imepotea, redio huonyesha namba yake ndefu ya utambulisho kwenye skrini, na mafundi wa redio za Kijapani huitumia hiyo kupata namba ya kufungulia. Piga picha ya skrini iliyo wazi, herufi kwa herufi, kwa sababu sifuri na herufi O zikichanganywa namba itakataa.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: fundi anapobadilisha betri, ashikilie umeme kwa betri nyingine ya volti 12 iliyoungwa sambamba na vibano vya gari, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mpaka betri mpya ikazwe. Kibano cha chanya kinapokuwa hewani kinabaki na umeme; kifungwe kwa kitambaa kikavu kisiguse bodi.

REDIO MPYA INASAHAU, INAJIZIMA, AU INAMALIZA BETRI

Dalili hizi tatu zina mzazi mmoja, nao ni nyaya mbili: ya njano na nyekundu. Kwenye redio za dukani, njano ni umeme wa kudumu wa kumbukumbu, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni hasi. Upande wa Toyota, kwenye soketi ya nyaya kumi, umeme wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, umeme wa swichi ni kijivu, hasi ni kahawia. Usiamini rangi peke yake. Gari lililopita kwenye mikono mingi lina nyaya zilizokatwa na kuungwa upya. Pima.

Redio ikisahau saa na stesheni kila ukizima gari, njano na nyekundu zimebadilishana au njano haina umeme. Ikibaki inawaka hata ukitoa ufunguo, nyekundu imeungwa kwenye umeme wa kudumu. Baadhi ya mafundi hufanya hivyo kwa makusudi ili usikilize muziki bila ufunguo, na kisha betri inalaumiwa. Hesabu yake ni hii: redio inayovuta ampia 0.5 usiku na mchana huchukua 12 Ah kwa siku, na betri ya 45 Ah inafika nusu yake kabla siku mbili hazijaisha.

Kupima, zima kila kitu, funga milango, subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale. Kisha weka mita kwenye ampia 10 na uiingize kati ya nguzo ya hasi na kibano chake, na usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo. Gari zima lisivute zaidi ya ampia 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Kumbuka kwamba kutoa kibano kunakata umeme, kwa hiyo mwenye redio ya ramani asome tena sehemu iliyotangulia.

Redio ya Android inayojizima na kuanza upya unapopiga stata ni kawaida ikiwa betri imechoka: stata hushusha umeme chini ya volti 10 kwa sekunde moja. Ikijizima ukiwa unaendesha na kupandisha sauti, umeme wake umechukuliwa kwenye waya mwembamba wa kiberiti cha sigara. Upatie njano waya wa 2.5 mm² kutoka kwenye boksi la fyuzi, na fyuzi ya 15.

MLUZI UNAOPANDA NA KUSHUKA NA MGUU WA MAFUTA

Ukikanyaga mafuta unasikia mluzi mwembamba ukipanda, ukiachia unashuka. Huo ni mtetemo wa umeme wa oltaneta ulioingia kwenye njia ya sauti. Watu hukimbilia kununua kichujio. Kichujio hufunika dalili na kula besi kidogo, tatizo linabaki.

Fuata mstari, ukianzia mwisho. Zima mfumo, chomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya, washa injini na mfumo. Mluzi ukiendelea bila RCA, unatoka kwenye umeme au hasi ya amplifaya yenyewe. Ukinyamaza, rudisha RCA kwenye amplifaya na uchomoe upande wa redio. Mluzi ukirudi wakati huo, waya wa RCA unakusanya kelele njiani, pengine kwa sababu umelazwa pamoja na waya mkubwa wa chanya. Upitishe chanya upande mmoja wa gari na RCA upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe ya mraba. Kama mluzi unakuja redio ikiunganishwa tu, tatizo ni redio.

Na hapo kuna ugonjwa mmoja unaojirudia sana. Ndani ya redio nyingi, hasi ya matundu ya RCA hupita kwenye fyuzi ndogo kama punje ya mchele, au kwenye njia nyembamba ya bodi ya saketi. Hasi ya amplifaya ikilegea wakati muziki unapiga, mkondo wake wote hutafuta njia ya kurudi kupitia ganda la RCA, na punje hiyo inaungua. Kuanzia siku hiyo redio ina mluzi. Kupima: mfumo ukiwa umezimwa na RCA zimechomolewa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye ganda la nje la tundu la RCA na nyingine kwenye bati la redio. Usomaji mzuri ni karibu na sifuri. Ukisoma mamia ya omu au mita isisome kabisa, imeungua. Uthibitisho wa haraka ni kuligusisha ganda la RCA na bati la redio kwa kipande cha waya muziki ukiwa umewashwa. Mluzi ukikatika hapo hapo, umepata jibu. Fundi wa elektroniki hurejesha njia hiyo kwa risasi. Lakini rekebisha hasi ya amplifaya kwanza, la sivyo itaungua tena. Na RCA zisichomolewe kamwe amplifaya ikiwa inawaka.

Hasi nzuri ya amplifaya inafungwa hivi. Tafuta bati nene la bodi ndani ya buti, si boliti ya mkanda wa usalama, si bawaba ya kiti, si skrubu ya plastiki. Kwangua rangi kwa msasa mpaka uone chuma kinachong'aa, upana wa sarafu kubwa. Toboa baada ya kuchungulia chini ya gari kuona hakuna tangi la mafuta wala bomba la breki. Tumia boliti ya mm 8, washa yenye meno na nati, halafu paka grisi au rangi juu ya kiungo ili kutu isianze. Kwa magari ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hatua hiyo ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu chumvi ya hewani hula chuma kilichokwanguliwa ndani ya miezi. Waya uwe na unene sawa na wa chanya, na usizidi sentimita 50.

Haibridi haina mluzi unaofuata injini. Kelele yake huwa ya kudumu au hubadilika unapokanyaga breki, lakini njia ya kuitafuta ni ile ile.

AMPLIFAYA INAWASHA TAA NYEKUNDU

Amplifaya inajilinda. Zima, chomoa spika zote na RCA, acha chanya, hasi na waya wa kuwashia tu. Washa. Taa nyekundu ikibaki na volti kwenye amplifaya ni zaidi ya 12, imekufa ndani. Ipeleke kwa fundi wa elektroniki. Taa ikiwa kijani, rudisha RCA, kisha spika moja baada ya nyingine. Ile inayoirudisha nyekundu ndiyo yenye shoti. Angalia mahali waya unapopita kwenye bawaba ya mlango, maana ganda hukatika hapo na shaba hugusa bodi.

Kama inakuwa nyekundu baada ya dakika ishirini tu, ni joto au omu ndogo. Sabufa (spika kubwa ya besi) ya koili mbili za omu 4 ikiungwa sambamba inatoa omu 2, ikiungwa mfululizo inatoa 8. Amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa chaneli zake pamoja kwa kawaida haivumilii chini ya omu 4, kwa hiyo sabufa hiyo ya omu 2 itaichemsha. Soma kilichoandikwa ubavuni mwake. Kuhusu joto, amplifaya iliyofunikwa na zulia au iliyopigiliwa skrubu juu ya boksi la sabufa haina pumzi, na mtetemo wa boksi hulegeza viungo vyake.

Ikilia "pu" kila unapowasha au kuzima, waya wake wa kuwashia umeungwa kwenye ACC. Uhamishie kwenye waya wa redio wa buluu wenye mstari mweupe.

BESI HAINA UZITO

Anza na balansi. Cheza wimbo wenye besi, peleka sauti yote kushoto, halafu kulia, halafu irudishe katikati. Besi ikiwa nzito upande mmoja na ikapotea katikati, spika moja imeungwa kinyume: moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na mawimbi yao yanauana. Hakikisha kwa betri ya AA: toa nyaya kwenye amplifaya au redio, gusisha betri sekunde moja, chanya kwenye chanya. Koni lazima itoke nje. Ikiingia ndani, geuza nyaya.

Hilo likiwa sawa, nenda kwenye mlango. Hapa ndipo fedha kidogo huleta mabadiliko makubwa kuliko popote kwenye gari. Koni hutoa sauti mbele na nyuma, na ya nyuma ni kinyume cha ya mbele. Mlango wa kiwandani una matundu makubwa yaliyofunikwa na nailoni, kwa hiyo sauti ya nyuma hupita na kuifuta besi ya mbele. Spika ya bei ghali kwenye mlango wa namna hiyo itaimba kama ya bei poa. Ondoa nailoni, safisha gundi kwa petroli au spiriti, ziba matundu makubwa kwa bati jembamba la alumini lililokazwa kwa skrubu, kisha gandisha shuka za lami zenye karatasi ya alumini juu yake. Ndani ya bati la nje la mlango hazihitajiki kila mahali. Robo hadi theluthi ya eneo, nyuma ya spika na katikati ya bati, inatosha kunyamazisha mtetemo. Acha wazi matundu ya chini yanayotoa maji ya mvua, na hakikisha kioo na fimbo za kitasa vinacheza huru kabla ya kurudisha paneli.

Spika ikae kwenye pete ya plaiwudi ya mm 18 iliyopakwa vanishi pande zote. MDF (mbao ya unga uliogandishwa) ni rahisi kukata, lakini mlango huingia maji kila mvua inaponyesha, na MDF huvimba kama mkate uliolowa. Kati ya pete na paneli weka sponji laini ili sauti iingie ndani ya gari, isizunguke nyuma ya paneli.

Tatizo likiwa la sabufa, kagua boksi. Sabufa nyingi za inchi 12 zinazokusudiwa boksi lililozibwa hutaka lita 28 hadi 35. Kwenye boksi lenye tundu, lita 50 hadi 70 na tundu lililokokotolewa kwa 32 hadi 38 Hz. Boksi linalotengenezwa kwa kukadiria macho huwa dogo, nalo hutoa mdundo mmoja mzito usiobadilika na wimbo. Karatasi ya sabufa ina kipimo chake. Mpe fundi seremala lita, umkumbushe kutoa nafasi inayoliwa na sumaku na tundu, na viungo vyote vizibwe kwa gundi ya mbao kisha silikoni. Boksi lenye tundu lina hatari yake: chini ya masafa ya tundu koni hukosa kizuizi cha hewa na hupiga bila kutoa sauti, mpaka koili inagonga. Washa kichujio cha masafa ya chini kabisa kwenye amplifaya, kiwe 25 hadi 30 Hz.

Kukata masafa: sabufa ipokee chini ya 80 Hz, spika za mlangoni zipokee juu ya 80 hadi 100. Spika ya inchi 6 na nusu inayolazimishwa kutoa 40 Hz itakwaruza hata ikiwa mpya.

SAUTI INAKWARUZA UKIPANDISHA, SPIKA ZINAUNGUA

Geini haiongezi nguvu ya amplifaya. Kazi yake ni kulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na zile ambazo amplifaya inazitarajia. Ukiipita hapo, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, joto linajaa kwenye koili, na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) ndizo hutangulia kuungua.

Ipange kwa mita. Chukua nguvu halisi ya amplifaya kwa wati, zidisha kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili. Wati 300 kwenye omu 2: kipeuo cha 600, volti 24.5. Wati 75 kwenye omu 4: volti 17.3. Rudisha geini sifuri, chomoa spika, zima vikuza besi vyote, sawazisha vidhibiti vya sauti vya redio. Cheza toni ya 50 Hz kwa sabufa. Kwa spika za mlangoni tumia 400 Hz, kwa sababu mita nyingi za bei ya chini hazisomi sawasawa juu ya hapo. Panda redio hadi robo tatu ya sauti yake, weka mita kwenye volti za AC kwenye matundu ya spika ya amplifaya, zungusha geini taratibu mpaka ufike namba yako. Baada ya hapo geini isiguswe tena, na redio isipite robo tatu.

Redio inayoendesha spika bila amplifaya nayo hukata vilele mapema. Ile "50W x 4" iliyoandikwa usoni ni ya kilele. Fyuzi yake mara nyingi ni ya ampia 10, na 10 mara volti 14.4 ni wati 144 zinazoingia kwa jumla. Haziwezi kutoka 200. Nguvu ya kweli ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika.

TAA ZINAPEPESA BESI IKIPIGA

Rudi kwenye kipimo cha volti. Mita tano za waya wa shaba wa 8 mm² zikipitisha ampia 60 hupoteza volti 0.66, za 21 mm² hupoteza 0.25. Waya wa alumini iliyopakwa shaba wa 8 mm² hupoteza karibu volti 1. Baada ya waya wa amplifaya, nenepesha nyaya tatu za gari lenyewe: oltaneta kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi umeme kidogo karibu na amplifaya, haizalishi umeme. Husaidia kilele cha sehemu ndogo ya sekunde na kuficha oltaneta iliyoelemewa. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya mrefu unaopita chini ya zulia na kupenya ukuta wa injini. Pale penye kupenya weka mpira. Moto wa muziki wa gari unaweza kuanzia kwenye tundu hilo lenye makali.

Kwenye mabasi ya volti 24 kama Isuzu NQR na Coaster nyingi, watu hutoa volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo hubaki na njaa huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa. Weka kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye ampia zinazotosha.

UKIAMUA KUNUNUA

Utaratibu tunaoupendekeza: mlango kwanza, kisha spika za mbele, kisha amplifaya ya chaneli nne, sabufa mwisho. Spika za nyuma zinaweza kubaki za kiwandani. Kama hutaweka amplifaya, tafuta spika yenye usikivu wa dB 90 au zaidi. Tofauti ya dB 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili, kwa hiyo spika ya 92 kwa wati 15 hupiga kama ya 86 kwa wati 60.

Amplifaya ipime kwa fyuzi zake, usihangaike na tangazo. Jumlisha ampia za fyuzi, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.8 ikiwa ya daraja D au 0.6 ikiwa ya daraja AB. Yenye fyuzi mbili za 30 haitoi zaidi ya wati 660 hata ikiandikwa 3000. Koili ya spika ipime kwa omu hapo hapo dukani: ya omu 4 husoma 3.2 hadi 3.8, ya omu 2 husoma 1.6 hadi 1.9, isiposoma, imekatika. Waya ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ndani kukiwa na rangi ya fedha ni alumini, na ukiichukua, chukua unene mmoja zaidi ya ule ambao shaba ingehitaji.